Mkanda Utembee, Kichwa Kikimbie

Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda barazani kwa mjomba, Magomeni, na deki ya video imefunuliwa mgongo mbele yake kama samaki aliyepasuliwa. Mwaka 2001 huo. Mimi nilikuwa nimeshika tochi, na kazi yangu ilikuwa hiyo tu: kushika tochi, kutogusa kitu. Ndani ya ile deki, katikati ya nyaya na vigurudumu vya plastiki, kulikuwa na kitu kimoja kinachong'aa kuliko vyote, chuma cha duara chenye ukubwa wa kikombe cha kahawa, kimelala upande kidogo mfano wa kofia ya mtu anayejisikia.

“Hiki ndicho kichwa,” fundi akaniambia. “Dogo, ukikigusa kwa kidole umeshaua deki ya mjomba wako.”

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa ajabu. Mikanda tuliyorekodi wenyewe nyumbani ilicheza vizuri kabisa. Mikanda ya kukodi kutoka duka la video la mtaani ndiyo iliyosumbua: utepe mpana wa chenga chini ya kioo, sauti safi, picha ya juu safi, lakini miguu ya kila mwigizaji imemezwa. Mjomba alikuwa amebonyeza kitufe cha trakingi, kile cha kunyoosha picha, mpaka maandishi yake yamefutika. Tena jirani akiazima mkanda wetu, aliurudisha siku ileile na kusema kwa upole kwamba una kasoro.

Fundi akakipangusa kichwa kwa kipande cha ngozi laini kilicholowa spiriti, akajaribu, akaguna. Si uchafu. Akachukua bisibisi nyembamba, akaigeuza nguzo ndogo iliyosimama kando ya lile duara, kiasi cha robo mzunguko, pengine pungufu. Akaingiza mkanda wa kukodi. Miguu ikarudi. Mjomba akamlipa, akaongeza na ya soda.

Jioni mjomba akataka kuangalia mkanda wake, ule alioupenda kuliko yote: Oktoba 1999, mwili wa Mwalimu Nyerere unarejeshwa Dar es Salaam kutoka London, na yeye amekaa sakafuni na rimoti tangu asubuhi akirekodi kutoka kwenye televisheni. Akabonyeza. Chenga. Akaweka wa pili, akaweka wa tatu. Kila tulichorekodi tangu 1995 kilikuwa na utepe uleule. Safari hii tuliokatwa miguu ni sisi.

Kesho yake fundi akaitwa. Akaweka mkanda wetu, akaweka wa kukodi, akarudia. Halafu akasema, “Mzee, deki yako sasa ni nzima. Mikanda yako ndiyo mibovu.”

Sentensi hiyo nimekaa nayo zaidi ya miaka 20. Nilidhani ni maneno ya fundi anayejitetea. Nilikuja kuielewa nilipoanza kusoma habari za watu walioanza kurekodi televisheni kwenye mkanda wa sumaku, miaka ya 1950, na kukuta kwamba wao, pamoja na digrii zao na mashine zenye bei ya nyumba, waligonga mwamba uleule.

Televisheni ilizaliwa bila kumbukumbu. Picha iliingia kwenye kamera, ikaruka hewani, ikafika kwenye kioo, ikaisha. Kwetu Tanzania Bara mambo yalikwenda kinyume: kituo cha kwanza cha televisheni kilikuja 1994, lakini deki zilikuwa zimeshatangulia kwenye makontena kutoka Dubai. Ukiacha waliokuwa wakikamata Zanzibar kwa antena ndefu, wengi tuliangalia mkanda kabla ya kuangalia televisheni. Ndiyo maana mpaka leo kuna watu wazima Dar wanaoita filamu yoyote “mkanda”, hata kama imetoka kwenye simu. Kwa hiyo nilihitaji muda kuelewa kwamba kwa Wamarekani na Waingereza kulikuwa na zaidi ya miaka 20 ya televisheni isiyoweza kurudishwa nyuma.

Si kwamba hawakujaribu. John Logie Baird, yule Mskoti, mwaka 1927 alikuwa ameshaziandika picha zake za mistari 30 kwenye santuri, kabisa, santuri ya kuzunguka yenye mfereji. Tatizo hakuweza kuzicheza zikaonekana vizuri. Zikakaa mpaka miaka ya 1980, kompyuta zilipozisafisha na nyuso za watu zikatokea.

Njia iliyofanya kazi ilikuwa ya kibabe: unachukua kamera ya sinema, unaielekeza kwenye kioo cha televisheni, unapiga filamu. Wamarekani waliitengenezea mashine maalumu kufikia 1947 na wakaitegemea kwa miaka kumi, kwa sababu ya jua. New York ikiwa saa 2 usiku, Los Angeles ni saa 11 jioni na watu bado wako njiani kutoka kazini. Kipindi cha New York kilifika Los Angeles kwa waya, kikapigwa filamu pale pale kwenye kioo, filamu ikakimbizwa kuoshwa na kukaushwa, na saa 3 baadaye ikarushwa kwa watu wa pwani ile ya magharibi. Picha ilikuwa ya kijivu, imefifia, imevimba katikati kama kioo chenyewe kilivyokuwa. Tena filamu huenda kwa picha 24 kwa sekunde na televisheni yao kwa 30, kwa hiyo kulikuwa na hesabu ya kudumu ya kuruka na kuunga. Na filamu ikishaoshwa haitumiki tena. Kufikia 1954 mashirika ya televisheni ya Marekani yalikuwa yanakula filamu nyingi kuliko studio za Hollywood.

Wakati huohuo redio ilikuwa imeshapona ugonjwa huu. Dawa ilitoka Ujerumani. Fritz Pfleumer alipata hataza mwaka 1928 ya karatasi iliyopakwa unga wa chuma, na kufikia 1935 kampuni ya AEG ilionyesha Berlin mashine iliyoitwa Magnetophon. Unga wenyewe, ukiuliza fundi yeyote, ni kutu. Kutu iliyosagwa laini, ikagandishwa kwenye plastiki. Vita ilipoisha 1945, mwanajeshi wa mawasiliano wa Kimarekani, Jack Mullin, alizikuta mashine hizo kwenye studio ya redio mjini Bad Nauheim. Akapewa ruhusa ya kuchukua mbili pamoja na magurudumu 50 ya mkanda, akavituma nyumbani kwa posta vipande vipande. Mwaka 1946 akazionyesha San Francisco, na waliosikia hawakuweza kutofautisha mkanda na mwimbaji hai.

Habari zikamfikia Bing Crosby. Crosby alikuwa sauti kubwa kuliko zote kwenye redio ya Marekani na alichoka kuimba moja kwa moja kwa saa maalumu, tena kuirudia baadaye kwa ajili ya upande wa pili wa nchi. Alitaka kurekodi akiwa na nafasi, kisha aende zake kucheza gofu. Akamwajiri Mullin, akaweka dola 50,000 kwenye kampuni changa ya California iliyoitwa Ampex ili itengeneze mashine za namna ile. Jina la Ampex, kwa njia, ni herufi za mwenyewe: Alexander M. Poniatoff, Mrusi aliyepitia Shanghai kabla ya kufika Marekani, na EX aliyoiongeza yeye kumaanisha ubora. Wafanyabiashara wa Kariakoo wangemwelewa.

Sasa swali lilikuwa jepesi kulisema. Kama mkanda unabeba sauti, kwa nini usibebe picha? Zote mbili si umeme unaopanda na kushuka?

Hapa nisimame kidogo, maana ndipo penye utamu. Kichwa cha kurekodia ni sumaku ndogo yenye mwanya mwembamba sana. Mkanda unapopita kwenye mwanya, umeme ukipanda unaacha alama, ukishuka unaacha alama nyingine. Sauti ya juu kabisa ambayo redio ilihitaji ni mitetemo 15,000 kwa sekunde. Mkanda wa studio ulikwenda sentimeta 38 kwa sekunde. Gawanya: kila mtetemo unapata mikroni 25 za mkanda, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Ni kidogo, lakini kichwa cha wakati ule kiliweza. Picha ya televisheni ya Marekani inahitaji mpaka mitetemo milioni 4 kwa sekunde. Gawanya tena kwa kasi ileile: kila mtetemo unapata sehemu moja ya kumi ya mikroni moja. Hakuna fundi duniani mwaka 1950 aliyeweza kutengeneza mwanya mwembamba kiasi hicho. Ni sawa na kuambiwa uandike msahafu mzima kwenye punje ya mchele kwa kipande cha mkaa.

Kama kalamu haiwezi kuwa nyembamba, basi karatasi ipite haraka ili herufi zitanuke. Akili ya kwanza ya kila mtu ilikuwa hiyo, na ndiyo iliyowapoteza.

Crosby na Mullin walikuwa wa kwanza kuonyesha kitu. Tarehe 11 Novemba 1951, Mullin na mwenzake Wayne Johnson waliendesha mashine ya Ampex ya sauti, waliyoirekebisha, kwa inchi 360 kwa sekunde. Hiyo ni mita 9 kwa sekunde. Mtu anayemaliza mbio za mita 100 kwa sekunde 11 ndiyo mwendo wake huo, sasa fikiria ni mkanda wa upana wa robo inchi unaokimbia hivyo kutoka gurudumu moja kwenda jingine bila kupumzika. Picha ilitoka. Ilikuwa na ukungu, mtu unamtambua kwa kukisia, lakini ilikuwa picha kutoka kwenye kutu. Baadaye wakajaribu kuigawa kazi kwa vichwa kadhaa vilivyopangwa safu kwenye mkanda wa inchi 1, ili mkanda upunguze mwendo. Picha ikapata nafuu. Mwendo haukupungua vya kutosha.

RCA, kampuni kubwa ya redio na televisheni ya Marekani, nao walikuwa na sababu yao. Mkuu wao, David Sarnoff, alisimama mbele ya wahandisi wake mwaka 1951 na kuwaomba zawadi tatu za kumpa 1956, atakapotimiza miaka 50 kazini. Moja ilikuwa kifaa cha kurekodi televisheni kwenye mkanda. (Nyingine mojawapo ilikuwa kiyoyozi cha kielektroniki kisicho na kitu kinachozunguka. Bosi akishakuwa bosi huomba.) Timu ya Harry Olson ilionyesha kazi yake Princeton tarehe 1 Desemba 1953, na kwa haki walikuwa na rangi, jambo ambalo wengine hawakuwa nalo. Lakini nao walikimbiza mkanda mita 9 kwa sekunde, na gurudumu la upana wa inchi 17 liliisha kwa dakika 4. Dakika 4, kilometa 2 na ushee za mkanda. Hata taarab haijamaliza utangulizi.

Niseme ukweli, ninayempenda kuliko wote ni VERA.

VERA ilikuwa ya BBC. Kazi ilianza 1952 chini ya Dokta Peter Axon, na mashine ilikuwa kama makabati yamepangwa ukutani, na magurudumu ya mkanda yenye upana wa zaidi ya nusu mita. Mkanda wa nusu inchi, inchi 200 kwa sekunde, yaani mita 5 na kidogo. Gurudumu moja lilichukua dakika 15. Nimepiga hesabu: kilometa 4.6 za mkanda kwa robo saa ya televisheni. Walikuwa na ujanja wao, kwa sababu waliigawa ishara ya picha mara mbili, mitetemo ya polepole ikaenda kwenye kichwa kimoja na ya haraka kwenye kingine, na cha tatu kikabeba sauti. Kazi nzito zaidi ilikuwa kuulazimisha mkanda uende mwendo mmoja. Sikio husamehe mkanda ukichelewa kidogo. Jicho halisamehi, mstari wa picha ukichelewa hata sehemu ndogo ya milioni ya sekunde, ukingo wa nyumba unakuwa kama msumeno.

Tarehe 14 Aprili 1958, kwenye kipindi cha Panorama, mtangazaji Richard Dimbleby aliketi kando ya saa ya ukutani akazungumza dakika chache kuhusu mashine mpya. Kisha mkanda ukarudishwa nyuma, na watazamaji wa Uingereza wakamwona tena, na saa ileile, ikionyesha dakika zilizokwisha kupita. Nimewahi kuiona picha ya tukio hilo na kinachonigusa ni ile saa. Bila saa nani angeamini? Mtu angesema tu Dimbleby anarudia maneno yake.

Ila tarehe hiyo ilikuwa na kejeli ambayo sijui kama kuna aliyeitaja pale studio. Miaka miwili kamili kabla, siku kwa siku, tarehe 14 Aprili 1956, VERA ilikuwa imeshauawa Chicago.

Ampex walichelewa kuanza. Poniatoff alitenga fedha kidogo mwishoni mwa 1951 na Charles Ginsburg akaingia Januari 1952, mtu mmoja na chumba kimoja. Muda si mrefu akapata msaidizi wa miaka 19, mwanafunzi, jina lake Ray Dolby. Ndiyo, Dolby huyo. Jina lililokuwa limechapwa kwenye redio kaseti za nyumba nyingi za Waswahili, na sisi tukidhani ni aina ya kitufe. Walikuja kutimia sita: Charles Anderson, Shelby Henderson, Alex Maxey na Fred Pfost wakiungana nao. Mradi ulisimamishwa 1953 na watu wakapangiwa kazi nyingine, Dolby akachukuliwa jeshini, na Ginsburg akaendelea kuibia saa za hapa na pale mpaka 1954 aliporuhusiwa tena.

Walichokifanya ni kuligeuza swali. Kinachotakiwa kuwa na kasi ni nini hasa? Si mkanda. Ni tofauti ya mwendo kati ya mkanda na kichwa. Basi mkanda utembee, kichwa ndicho kikimbie.

Wakachukua mkanda mpana, inchi 2, wakauendesha polepole kwa sentimeta 38 kwa sekunde, kasi ileile ya mkanda wa redio. Mbele yake wakaweka duara lenye vichwa vinne, likizunguka mara 14,400 kwa dakika. Mwanzoni vichwa vilikuwa usoni mwa sahani na vilifagia mkanda kwa upinde, kama wipa ya gari. Picha ilitokea, lakini upinde ulileta vurugu. Baadaye wakavihamishia kwenye ukingo wa duara, vikawa vinaukata mkanda kutoka upande huu kwenda upande ule, karibu wima. Kichwa kikiacha mkanda, kingine kinaingia. Mkanda wenyewe uliinamishwa na kuvutwa na hewa ukajikunja kama mfereji ili uukumbatie mzunguko. Mkanda unatambaa, na kichwa kinaugusa kwa mwendo wa karibu mita 40 kwa sekunde, zaidi ya kilometa 140 kwa saa. Mara nne ya mbio za Mullin, na gurudumu moja likachukua saa nzima.

Bado kulikuwa na tatizo la pili, ambalo watu hulisahau kwa kushangilia vichwa. Kichwa cha kusomea husikia mabadiliko tu. Sehemu ya picha inayobadilika haraka, mfano majani ya mti, hupiga kelele; sehemu isiyobadilika, mfano ukuta mweupe, hunong'ona. Na vichwa vinne havilingani nguvu kamwe, kwa hiyo picha ingetoka na mabaka. Anderson akalimaliza kwa kuazima mbinu ya redio ya FM: badala ya kuandika nguvu ya mwanga, andika kasi ya mitetemo. Mwanga ukiwa mkali mitetemo inaharakisha, ukififia inapunguza mwendo. Kichwa kikiwa dhaifu hakidhuru, kinachohesabiwa ni idadi. Wapo wanaosema hilo ndilo lililookoa mradi kuliko duara lenyewe, na sioni sababu ya kubishana nao.

Hoteli ya Conrad Hilton, Chicago, siku moja kabla ya mkutano mkuu wa watangazaji. Wakuu wa vituo vinavyoungana na CBS, shirika la televisheni la Marekani, wamejaa ukumbini, William Lodge wa CBS anahutubia, na runinga zilizopangwa ukumbini zinaonyesha hotuba. Kila mtu anaona ni kamera ya kawaida. Hotuba inaisha. Kimya kidogo, mkanda unarudishwa nyuma ya pazia, kisha Lodge anatokea tena kwenye vioo akianza kuzungumza, huku yeye mwenyewe amesimama pale amefunga mdomo. Kwa sekunde chache ukumbi haukuelewa. Pazia likafunguliwa, mashine ikaonekana, watu wakasimama, wakapiga makofi, wakavamia mbele. Ndani ya siku chache maombi ya kununua yalifika karibu dola milioni 5, kwa mashine ya dola 45,000 iliyokuwa bado haijaanza kutengenezwa kiwandani.

Tarehe 30 Novemba 1956 CBS wakaitumia kwa mara ya kwanza hewani. Taarifa ya habari ya Douglas Edwards ilisomwa New York, ikarekodiwa Hollywood, ikachezwa baadaye jioni ileile kwa watu wa magharibi. Filamu iliendeshwa pembeni kama akiba, maana hakuna aliyekuwa tayari kuapa.

Na walikuwa na sababu. Hizo mashine zilikuwa na tabia ambayo, niliposoma habari zake, nilijikuta nimerudi barazani Magomeni na tochi mkononi. Mkanda uliorekodiwa kwa seti moja ya vichwa ulichezeka vizuri kwa seti ileile tu. Picha moja ya televisheni ilikuwa imekatwa vipande 32 kwenye mkanda, na kila kipande kimeandikwa na kichwa chake. Vichwa vikiwa vimetofautiana upana wa unywele katika nafasi zao, hakuna shida, maana vitasoma kwa kosa lilelile vililoandika nalo. Kosa likijumlishwa na kosa, hesabu inatoka sawa. Peleka mkanda kwenye mashine nyingine, yenye makosa yake, na nyumba zinavunjika katikati kama matofali yaliyopangwa na mlevi. Kwa hiyo, kama kipindi kingehitajika tena, kituo kililazimika kutunza na vichwa vyake. Na vichwa vilichakaa baada ya kama saa 100 za kazi. Ilichukua miaka kadhaa kabla ya seti kutengenezwa kwa ulinganifu wa kutosha mkanda wa New York ukachezeka Hollywood bila manung'uniko.

Kukata na kuunga nako kulikuwa kioja. Huwezi kuona picha kwenye mkanda kama unavyoiona kwenye filamu, ni kahawia tupu. Mhariri alipaka kimiminika chenye unga wa chuma, alama za sumaku zikajitokeza kama mistari, akatazama kwa hadubini, akakata kwa wembe kati ya mstari na mstari. Akikosea, picha inaruka. Mkanda wa saa moja ulikuwa karibu dola 300, na kitu cha bei hiyo hakiwekwi kabatini kwa ajili ya vizazi. Hufutwa kikarekodiwa tena. Vituo vingi vilifanya hivyo kwa miaka mingi bila kuona haya.

Deki ya mjomba haikutoka moja kwa moja kwa Ginsburg. Kati yao kuna Eduard Schüller wa Telefunken, Ujerumani, na wahandisi wa Toshiba, Japani, ambao tangu miaka ya 1950 walikuwa na wazo la kuulaza mkanda kwa mshazari kuzunguka duara, ili kichwa kiandike mstari mrefu wa kulala badala ya mfupi wa wima. Mstari mmoja ukatosha kubeba sehemu nzima ya picha, na vipande 32 vikaisha. Ndiyo maana lile duara la Magomeni lilikuwa limeinama. Halikuwa linajisikia.

Nilipochukua vipimo vya VHS, aina ya deki aliyokuwa nayo mjomba, ile iliyotoka Japani 1976, nikapata kitu kilichoninyima usingizi kwa furaha. Duara lake lina kipenyo cha milimita 62, na kwa PAL, mfumo wa picha wa televisheni tuliokuwa tukiutumia, huzunguka mara 25 kwa sekunde. Piga hesabu ya ukingo wake: karibu mita 4.9 kwa sekunde. VERA: mita 5.08. Ni mwendo uleule karibu kabisa! Ila VERA iliupata kwa kutupa kilometa 4.6 za mkanda kwa robo saa, na deki ya mjomba iliupata huku mkanda ukitambaa sentimeta 2.3 tu kwa sekunde, mita 250 hivi kwa saa 3. Dokta Axon alikuwa sahihi kuhusu kasi. Alikosea nani akimbie.

Mstari mmoja wa VHS ya PAL una upana wa mikroni 49. Ile nguzo ndogo aliyoigeuza fundi kazi yake ni kuushika mkanda kwa kimo, ili kichwa kipite juu ya mstari huo bila kuteleza. Ya kwetu ilikuwa imepanda kidogo, labda tangu ndani ya kontena. Kwa miaka sita deki ikaandika kombo na kusoma kombo, na nyumbani kwetu kombo ndiyo ikawa nyoofu. Fundi alipoinyoosha, aliipatanisha na deki zote za dunia, akaigombanisha na sisi.

Haya yote siku ile hayakusemwa. Fundi alisema lake, mjomba akanyamaza, akaangalia ile deki iliyofunuliwa, akaangalia rundo la mikanda yake yenye vibandiko vya mwandiko wa kalamu ya bluu.

“Basi fundi, rudisha ilivyokuwa.”

“Nikirudisha, mzee, ya kukodi hutaiona.”

“Ya kukodi ni ya watu.”

Fundi akawaza kidogo, akaomba aletewe rangi ya kucha. Mke wa mjomba akatoa kichupa chekundu, akisema wasikimalize. Fundi akaigeuza nguzo taratibu huku mkanda wa Mwalimu ukicheza, mpaka watu waliojipanga barabarani wakapata miguu yao. Pale akatia nukta ndogo nyekundu. Akaingiza mkanda wa kukodi, akageuza tena, akatia nukta ya pili. Akapuliza zikauke. Akamwonyesha mjomba: hapa ni pa nyumbani, hapa ni pa dukani, chomoa waya wa umeme kabla hujagusa, na usizidishe.

Mjomba akanunua bisibisi yake, akaiweka juu ya televisheni chini ya kitambaa cha kufuma, pamoja na rimoti. Mfuniko wa deki haukurudishiwa skrubu tena.